Wazee wenzangu, tuinuke kwenye benchi la drafti

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Rutshuru. Vita vya mwaka 2008 vilinitoa darasani, nikavuka mpaka pale Bunagana nikiwa na mke wangu, watoto wawili na godoro moja. Leo nina miaka 48, na bado niko hapa Nakivale pamoja nanyi.

Wengi wenu mmeshasikia kwamba nilikwenda Kasese kukimbia mbio za Rwenzori, nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97. Wengine mmenipongeza, wengine mmeniuliza kama kichwa changu ni kizima. Siandiki ili nisifiwe. Nilimaliza nyuma ya watu wengi sana, wakiwemo mabinti wenye umri wa watoto wangu. Naandika kwa sababu safari ile imenifundisha jambo ambalo kwa maoni yangu hatulizungumzi vya kutosha: sisi wanaume wa miaka arobaini na kwenda juu tunakufa tukiwa tumekaa.

Benchi chini ya mwembe

Kwa miaka mingi siku yangu ilikuwa hivi. Asubuhi nakunywa chai, naenda kwenye ubao wa matangazo kuangalia kama jina langu limetoka, halitoki, basi naelekea chini ya mwembe kucheza drafti. Tulikuwa wanne. Tulicheza mpaka jua linazama, tukizungumza habari za mgao, za mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, na za nyumbani. Tuliona kwamba tunapumzika. Kumbe mwili ulikuwa umekaa lakini moyo ulikuwa unakimbia usiku na mchana kwa mawazo.

Mmoja wetu alikuwa ameambiwa ana presha. Alipewa vidonge, lakini alivimeza siku ambazo kichwa kilimuuma tu. Siku nyingine alisema, "Leo sijambo, nitaviweka vya kesho." Siku moja mchana, akiwa ameshika kete mkononi, mdomo ulienda upande, mkono ukalegea, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Hakufika wiki.

Ndugu zangu, presha haibishi hodi. Malaria inakutetemesha, kuhara kunakukimbiza chooni, lakini presha inakaa ndani ya nyumba yako miaka kumi bila kusema neno. Ndiyo maana anayesema "siumwi popote" hajasema lolote kuhusu presha yake. Kipimo peke yake ndicho kinachosema.

Baada ya mazishi nilikwenda kituo cha afya kupimwa. Namba zilikuwa 168 kwa 104. Muuguzi hakuandika dawa siku ile ile. Aliniambia nirudi, akapima tena siku nyingine, na namba zikabaki juu. Alinieleza kwamba mtu mzima ambaye vipimo vyake vinarudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya kupanda. Akanipa vidonge vya kila siku, akaniambia nipunguze chumvi, na akaniambia nitembee.

Nikamwambia, "Musawo, mimi nimetoka Rutshuru kwa miguu, na bado unaniambia nitembee?"

Akacheka, akasema, "Mzee, ile ilikuwa mwaka 2008. Mwaka huu umetembea wapi?"

Sikuwa na jibu. Kutoka nyumbani mpaka kwenye mwembe ni hatua mia mbili.

Nilivyoanza, na kosa nililofanya

Nilianza kwa kutembea nusu saa alfajiri, siku tatu kwa wiki. Nilichagua alfajiri kwa sababu mbili: jua halijawa kali, na watu hawajaamka kunicheka. Wiki ya tano nikaanza kuchanganya: natembea dakika nne, nakimbia polepole dakika moja. Kijana wa bodaboda jirani yangu alinipimia njia kwa mita ya pikipiki yake, nikajua kutoka kisimani mpaka shuleni ni kilomita mbili na nusu. Muuguzi alinifundisha kipimo kisichohitaji saa wala mashine: ukiwa katika mwendo na unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo huo unatosha. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Baada ya miezi mitatu presha yangu ilishuka mpaka 138 kwa 86. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nalieleza hapa bila kuficha ili mwingine asilirudie. Niliacha vidonge. Sikumwambia mtu, hata mama watoto. Nilisema moyoni kwamba miguu yangu imekuwa dawa, na dawa mbili za nini? Nikaongeza mbio. Nilijiona kijana.

Wiki ya tatu, nikiwa kwenye barabara ya kuelekea ziwani, kichwa kilianza kuuma kwa nyuma kama kimepigwa nyundo. Macho yakaona ukungu. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamkumbuka mwenzangu na ile kete mkononi. Kijana wa bodaboda alinikuta, akanipakia mpaka kituo. Namba zilikuwa 190 kwa 112.

Muuguzi hakunigombeza. Alivuta kigoda cha miguu mitatu kilichokuwa pembeni, akaniuliza, "Mzee, nikikata mguu mmoja, utakalia?" Akanieleza: mguu wa kwanza ni vidonge, wa pili ni chumvi na chakula, wa tatu ni mazoezi. Presha ilishuka kwa sababu miguu yote mitatu ilikuwepo. Mimi nilikata mmoja halafu nikashangaa kuanguka. Alinikataza kukimbia kabisa mpaka namba zirudi chini, na ilichukua wiki kadhaa kabla hajaniruhusu tena, kwanza kutembea, kisha kukimbia.

Tangu siku ile kila jambo la mbio zangu lilipitia kwake. Aliniambia kwamba baadhi ya vidonge vya presha vinatoa maji mwilini, na vingine vinapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo mtu anayetaka kukimbia mbali kwenye jua ni lazima anayemtibu ajue. Hili tusilifiche. Anayemficha daktari anajificha mwenyewe.

Sababu tunazotoa

Nilipoanza kuwaalika wenzangu, nilipewa majibu mengi. Nataka niyajibu moja moja kwa heshima, maana mengine yana ukweli.

La kwanza: "Mwalimu, chakula chenyewe hakitoshi, nikikimbia nitakula nini?" Hili ni la kweli na sitalipuuza. Sote tunakumbuka mwaka 2020 mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2021 ulipopunguzwa kwa asilimia 40. Kuanzia mwaka 2023 tukagawanywa kwa makundi ya uhitaji, na wapo walioondolewa kabisa. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote akimbie kilomita 21 kwa bakuli moja la uji. Huo utakuwa ukatili, si afya. Mimi mwenyewe nilizungumza kwanza na mama watoto. Tuliongeza viazi vitamu na maharagwe katika kashamba ketu, na tulikubaliana kwamba siku ambayo chakula cha watoto hakitoshi, baba hakimbii, anatembea tu. Siku hizo zilikuwepo, tena si chache.

Lakini tuwe wakweli pia. Nusu saa ya kutembea haimalizi posho ya nyumba. Tena hapo hapo tunapolia kwamba chakula ni kidogo, tunakitia chumvi nyingi ili kiteremke. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni ya vyakula vyote vya siku nzima, pamoja na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Kupunguza chumvi hakuna gharama yoyote, kunabakiza chumvi kopoani.

La pili: "Mambo ya kukimbia ni ya vijana." Ni kweli kwamba tumezoea kuwaona vijana. Mwaka 2016 huko Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wanariadha wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma nchini Kenya, na wawili walikuwa wacheza judo kutoka kwetu Kongo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Lakini katika timu hiyo hiyo alikuwepo Yonas Kinde kutoka Ethiopia, aliyekimbia marathoni nzima akiwa na miaka 36. Sisi hatutafuti medali. Hata hivyo mapafu hayaulizi kadi ya kuzaliwa, yanauliza jana ulifanya nini.

La tatu: "Nitachekwa." Utachekwa kweli. Watoto wa mtaa wetu waliniita "Kiplimo", jina la yule Mganda Jacob Kiplimo ambaye mwaka 2021 huko Lisbon alikimbia nusu marathoni kwa dakika 57 na sekunde 31. Mimi nilipokuwa namaliza dakika 57 nilikuwa sijafika hata kilomita ya nane. Lakini baada ya mwezi wale watoto walianza kunifuata nyuma, na kicheko kikawa salamu. Heri kuchekwa alfajiri kuliko kuliliwa jioni.

La nne lilitoka kwa akina mama, na ndilo lililonigusa zaidi. Mama mmoja aliniambia, "Shemeji, mimi nabeba jerikani mbili kila siku, natafuta kuni, nalima, halafu jioni nikimbie tena? Mwambie mume wangu akimbie na jerikani." Naona huyu mama alisema ukweli kuliko mabango yote. Mazoezi tunayoambiwa na waganga, dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukaza, mama zetu wengi wanayamaliza kabla ya Jumatano. Wao wanachokosa ni kupumzika, na kupata nafasi ya kwenda kupimwa, maana presha inawakamata na wao pia, hasa wakati wa ujauzito. Anayehitaji kuinuka ni mimi na wewe, mzee mwenzangu, tuliokaa kwenye benchi. Nami nakiri: asilimia kubwa ya mazoezi yangu ya miguu na mabega ilikuwa jerikani. Siku zisizo za mbio nilichota maji mimi. Mwanzoni wanaume walisema nimelogwa na mke wangu. Sasa tuko sita tunaokutana kisimani alfajiri.

Siku ya Kasese

Mazoezi ya mbio zenyewe yalinichukua miezi mitano. Jumanne na Alhamisi nilikimbia kidogo, Jumamosi nilikwenda mbali, na kila wiki niliongeza kama kilomita moja tu. Kila wiki ya nne nilipunguza ili mwili upumzike. Mbali kabisa nilifika kilomita 17. Viatu nilinunua vya mitumba. Kabla ya hapo nilijaribu kwa kandambili, nikapata malengelenge yaliyonilaza siku nne. Viatu visikubane vidole, maana mguu unavimba ukikimbia. Ada ya kujiandikisha na nauli nililipa kwa kuuza kuku na kwa michango ya wale wenzangu wa drafti, ambao walisema wanataka kuona mwisho wake.

Nilipanda gari Mbarara, tukapita Ishaka, tukateremka mpaka daraja la Katunguru. Kasese kuna joto kuliko hapa kwetu. Asubuhi ya mbio nilimeza kidonge changu kama muuguzi alivyoagiza, nikala viazi na chai, nikasimama nyuma kabisa ya umati. Nilikuwa nimeapa jambo moja: kilomita tano za kwanza nitakimbia kama mtu anayesindikiza mgeni. Watu walinipita kama maji. Niliwaacha.

Kilomita ya kumi nilikuwa sijambo. Ya kumi na nne mapaja yakaanza kukataa, na jua likapanda. Nikatembea dakika mbili, nikakimbia, nikatembea tena. Kila penye maji nilikunywa kiasi, si kujaza tumbo, na nilimwaga mengine kichwani. Ilipofika ya kumi na nane nilijiuliza kwa kweli kama niache. Nilijikagua kama nilivyofundishwa: kifua kinauma? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Macho yanaona? Yanaona. Ni miguu tu. Basi nikaendelea. Kama moja ya yale matatu ingekuwa ndiyo, ningekaa chini pale pale, na ninyi msingenidharau.

Nikiwa katika hali hiyo niliinua macho nikaona milima ya Rwenzori. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake. Nyuma ya milima ile ni Beni, ni Kivu Kaskazini, ni kwetu. Nikakumbuka mara ya mwisho nilivyokimbia mbali kiasi kile. Nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni na risasi zilikuwa zinalia Kiwanja. Sikujua naelekea wapi wala nitasimama wapi. Kwa sababu ya mbio zile ndiyo maana Kiswahili kinatuita wakimbizi.

Safari hii nilijua njia, nilijua mwisho wake, na hakuna aliyekuwa ananifukuza. Ndugu wasomaji, sijui kama naweza kuwaeleza tofauti hiyo kwa maneno. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 47, nikakaa kwenye nyasi, nikalia kidogo. Mama mmoja mwenyeji aliniletea ndizi mbivu akasema, "Pole, mzee, umefika."

Jumatano iliyofuata nilipimwa hapa kituoni. Ilikuwa 132 kwa 84. Vidonge naendelea navyo mpaka leo.

Ninachoomba

Najua wengine watasema kukimbia hakuleti mgao, hakufungui faili, hakumalizi vita vya Kivu. Ni kweli. Hakuna tatizo hata moja kati ya yale tuliyoyazungumza chini ya mwembe ambalo mbio zangu zimelitatua. Lakini mambo yale yote yanangoja saini ya mtu mwingine, na wakati tunaingoja, mishipa yetu inapasuka. Nusu saa ya alfajiri haingoji saini ya mtu. Na siku faili litakapofunguliwa, au siku amani itakaporudi Rutshuru, nataka nikutwe hai.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwenu wanaume wenzangu: nendeni mkapimwe presha wiki hii, hata kama hamuumwi. Kisha tembeeni. Msianze na kilomita 21, anzeni na jerikani moja. Mwenye vidonge asiviache hata akijisikia simba. Na anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika asimame mara moja aende kituoni.

Kwa wenyeviti wa mitaa: uwanja wa mpira vijana wanautumia jioni, na ni haki yao. Alfajiri uko mtupu. Tutangazieni kwamba saa hiyo ni ya watu wazima, wanaume na wanawake, ili mtu asione aibu.

Kwa shirika letu la afya: mara moja kwa mwezi leteni mashine ya kupimia presha uwanjani, au hata chini ya mwembe. Wanaume hatuji kituoni mpaka tubebwe, ninyi mnalijua hilo. Tufuateni tulipo.

Kwenu akina mama: mkituona tunapita alfajiri tukihema, chekeni kidogo, halafu tupeni jerikani.

Benchi la drafti bado lipo, nami bado nacheza Jumapili. Tumebaki watatu. Nafasi ya yule mwenzetu hatujaijaza, na sitaki iongezeke nyingine.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane kisimani, saa kumi na mbili asubuhi.

Mwalimu, mkazi wa Base Camp